Matairi ya Gari la Mama

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu na za Mama, uzigawe kwa wifi na watoto, usibaki nazo peke yako kama ilivyo kawaida yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua ulichokuwa ukikohoa nacho kwenye simu kimetulia. Sisi huku tupo. Mama ana nguvu kunishinda. Magoti humsumbua asubuhi akishuka kitandani, lakini yakishapata moto anasahau kabisa kwamba ni ya mtu mzima. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida, sio ugonjwa. Kiwandani tunashona mapazia ya hoteli, kitambaa kizito kama blanketi, na nikirudi jioni mabega yamekaza hata kuchana nywele ni kazi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimejaribu, Kaka. Kila nikipiga unaanza na matairi, nami nakujibu matairi, na tukimaliza matairi zamu yako imefika au mtandao umekata. Safari hii nataka niseme mpaka mwisho. Nitaanza na matairi kwa sababu ndiyo uliyoniuliza, kisha nitafika kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Nakuomba usiruke mistari.

Uliniuliza imekuwaje gari jipya la umeme ulilomnunulia Mama, lisilokunywa mafuta wala kubadilishwa oili, limalize matairi yote kabla mwaka haujageuka, na baada ya kuletewa mengine likaanza kuyala na hayo. Swali lako nimelibeba kwa watu wengi mpaka wananikimbia.

Unajua jinsi Mama anavyoendesha. Yule mwalimu wake wa udereva aliniambia katika kazi yake hajapata mwanafunzi mwingine anayemgombeza. Gari lenyewe halina sauti, linakupita unasikia upepo tu, na Mama anakanyaga kama anayekanyaga cherehani ya miguu, ndiyo maana watoto wa mtaani wakampa jina la Mama Umeme. Analipenda jina hilo ingawa anajifanya hajalisikia. Kwa hiyo matairi yalipoanza kuisha, mimi nilimshika mchawi palepale nyumbani. Nikasema ni mguu wa Mama.

Kwanza ulikuwa mvumo. Gari likienda, nyuma kunavuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Siku naliosha nikainama na kutazama matairi ya nyuma kwa upande wa ndani, ule usioonekana mtu akiwa amesimama. Nje yalikuwa na meno yake vizuri. Ndani yalikuwa kipara kabisa, na mahali pengine nyuzi zimeanza kutokeza. Nikalipeleka kwa fundi wa matairi aliye jirani na kiwanda chetu, yule tunayemwita Jeki, kwa kuwa ni mfupi lakini anainua chochote. Jeki hakuwa amewahi kufungua gurudumu la gari la umeme. Akasukuma jeki yake katikati ya tumbo la gari kama alivyozoea, nami nikamzuia, maana nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha gari kwamba betri imelala hapo, imejaa sakafu nzima. Akaitoa jeki, akafuta mikono, akaniomba hicho kitabu. Tukapiga magoti wote wawili chini ya mlango tukitafuta mahali panaporuhusiwa kuinuliwa, mimi na sketi yangu ya kazini, yeye na grisi yake. Tairi lilipotoka, ndani yake alikuta sponji nyeusi imegandishwa kuzunguka pande zote, ya kupunguza kelele. Akawaita majirani waje kuona gari linalolala kwenye godoro. Walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, maana kuziba pancha moja tuliyoikuta humo kulikula mchana mzima, kwa kuwa ile sponji lazima ikwanguliwe kwanza ndipo kiraka kishike.

Baadaye nikaenda kwenye ofisi uliponunua. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu. Akanieleza kwamba betri inalifanya gari kuwa zito sana, na mota yake inavuta kwa nguvu zote tangu mguu unapogusa, kwa hiyo matairi yanasagika kwa mambo mawili, uzito na mvuto. Akasema lazima yawe yale ya kubeba uzito huo, yahamishwe ya mbele nyuma na ya nyuma mbele mara kwa mara, na upepo upimwe tairi likiwa baridi. Akakiri kwamba malalamiko wanayapata, mimi si wa kwanza. Kisha akaniuliza gari linakwenda wapi kwa wiki. Nikamwambia kliniki ya macho na sokoni. Akatazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akasema kwa safari hizo matairi yangedumu zaidi ya hapo. Nililiona neno lile kama tusi kwa Mama. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Lakini kabla sijatoka, dada huyo alikuwa ameshaniingiza kwenye kundi la simu la wenye magari ya umeme. Kaka, ukitaka kujua kwamba hauko peke yako duniani, ingia mle. Kuna daktari wa meno aliyepasua rimu kwenye shimo la barabarani, anasema ilitoa mlio kama jino linapong'oka. Kuna mwalimu mstaafu ambaye taa ya upepo wa matairi haizimiki, amepima, amejaza, amebadili sensa, mwisho akaibandika plasta aisahau. Kuna mama anayeuza maua, tairi lilimpasukia ubavuni akafungua buti kutafuta spea, akakuta chupa ya gundi na kipampu cha kuchezea. Magari haya hayana spea, na ile gundi haizibi ubavu. Nilikuwa nawasikiliza kwenye simu huku nakunja mapindo ya mapazia, nikafarijika. Niliona basi, ni ugonjwa wa ukoo mzima wa magari haya, sio Mama tu. Ndiyo malalamiko niliyokutumia, ukawakasirikia wale wa kampuni, ukaleta matairi mapya ya kubeba uzito. Tuliyafunga. Gari tukalipeleka gereji kubwa likanyooshwa magurudumu kwa mashine. Kwa muda likatulia, halafu ule mvumo ukarudi.

Hapo nilimkalisha Mama. Nilimwambia kwamba wewe, Kaka, unaumia huko kwa ajili ya gari hili, na yeye analiendesha kama anakimbizwa. Nilisema maneno mengi, na mengine hayakuwa ya mtoto kwa mzazi. Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho. Akasema basi atapunguza mguu.

Hapo ndipo ilinipasa kuamka, Kaka. Tangu lini Mama akakubali kosa bila kubishana?

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Ilikuwa siku ya kazi, mchana. Mama alinipigia akasema tairi limepasuka, yuko kwenye barabara ya machimbo ya mawe, kule lami inapoishia. Nikamuuliza anafanya nini huko, maana kliniki iko upande mwingine kabisa na hakuna soko kule, kuna mawe na vumbi na malori. Akasema nije na Jeki, na nije na maji ya kunywa. Nikamuaga msimamizi wangu, ambaye alinuna. Jeki akafunga banda, akaazima pikapu ya jirani, akatupia nyuma vyuma vyake na tairi moja la zamani ambalo alikuwa amelihifadhi kwa kuwa lilibakiwa na uhai kidogo.

Barabara ile sikuwahi kuipita. Sio barabara, ni kokoto zenye ncha zilizomwagika kutoka kwenye malori, na kila hatua pikapu inarusha jiwe. Mwisho Jeki akasema, bila kunitazama, kwamba kama gari la Mama linapita hapa kila mara, basi tuwaombe radhi wale wa kampuni.

Tulilikuta limeinama upande mmoja kando ya lundo la mawe. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limechanika ubavu wote. Mama alikuwa amesimama juani kwenye mlango wa abiria, amevua mtandio na kuushikilia kwa mikono miwili dirishani, amtilie kivuli mtu aliyekaa ndani. Nikadhani amempa lifti mzee wa watu, unamjua alivyo. Nikasogea na chupa ya maji. Mzee mwenyewe uso wake ulikuwa umeanguka upande mmoja, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilimtambua kwa masikio. Ni masikio yako, Kaka.

Alikuwa Baba.

Nimeliandika neno hilo na nimelitazama kwa muda. Tangu alipotuacha, nyumbani kwetu tulizoea kusema yule mtu, na wewe hata hilo hukulisema. Sijasahau. Sijasahau ulivyoweka daftari zako juu ya kabati ukaenda kubeba tofali ili mimi nibaki shule, na jinsi ulivyorudi jioni ya kwanza viganja vimechubuka ukamwambia Mama ulianguka. Sikuandiki hivi kwa kuwa nimesahau.

Nilimuuliza Mama palepale, mbele ya Jeki, tangu lini. Akaniambia alimkuta hospitali siku alipokwenda kupima macho. Alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, ukutani koridoni, hana mtu. Alikuwa amepooza upande, na wale aliokuwa akiishi nao walihama wakamwachia chumba huko machimboni na godoro. Manesi walikuwa wanatafuta ndugu wa kumchukua. Mama akasema yeye ni ndugu. Tangu siku hiyo amekuwa akimtoa machimboni kumpeleka mazoezi ya viungo, na kumrudisha, mara tatu kwa wiki, kwenye zile kokoto. Kliniki ya macho yenyewe aliacha kwenda.

Nikamwambia, "Mama, gari ni la Kaka."

Akasema, "Najua ni la nani."

"Akijua, utamwambia nini?"

"Angejua angenikataza, nami ningekwenda kwa miguu. Ndiyo maana sikumwambia." Akaukunja mtandio, akaukunjua tena. "Simpeleki kwa kuwa nimesahau. Nampeleka kwa sababu hana wa kumgeuza kitandani. Wewe ungemwacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa na hasira ya kutosha kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimesimama pale na chupa ya maji mkononi, na alikuwa anaitazama chupa, sio mimi. Nikaifungua nikamnywesha. Maji mengi yalimwagika kidevuni, Mama akayafuta kwa kiganja chake, haraka, kama kitu anachokifanya kila siku.

Jeki akasema hawezi kuinua gari likiwa na mtu ndani. Akainama, akamkumbatia Baba kiunoni, akamtoa kama anavyotoa gurudumu, kwa uangalifu, bila maswali. Alipokuwa anamketisha juu ya gunia, Baba alimshika shati kwa ule mkono ulio hai, asimwachie. Maneno yake hayatoki vizuri, lazima uyasubiri. Akamwita Msumari. Kaka, hakuna aliyewahi kukuita Msumari isipokuwa yeye. Akamuuliza, "Msumari, umekula?"

Jeki alitutazama. Hajui lolote kuhusu wewe, wala kuhusu jina hilo. Kisha akamjibu, "Nimekula, Baba." Baba akamwachia shati.

Hakuna aliyemsahihisha. Mama alikwenda upande wa pili wa gari akajifanya anatafuta kitu ndani ya buti. Mimi nilimshikia Jeki nati. Alilitoa lile tairi lililochanika kwenye rimu kwa vyuma vyake, akagonga mdomo wa rimu uliojikunja mpaka ukakubali, akavalisha la zamani, akajaza upepo kwa kile kipampu kinacholia kama mtoto. Jua lilikuwa kali.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lenyewe, na utakapokasirika ukasirikie mtu anayestahili. Tulipomaliza, Mama alitaka kumrudisha chumbani kwake. Tukaenda. Nikakiona kile chumba. Mlango umefungwa kwa waya, vumbi la mawe limekaa juu ya kila kitu mpaka juu ya kikombe, na shuka limechakaa katikati, pale mwili unapolala tu. Mama akaanza kukung'uta lile shuka. Mgongo ukamkamata, akasimama ameinama, mkono ukutani, anangoja upite. Hakulalamika. Alikuwa anangoja tu, mara tatu kwa wiki alikuwa akingoja hivyo, na mimi nilikuwa nyumbani namsema kwa ajili ya mguu.

Mama hakuniomba chochote. Ni mimi niliyesema tumchukue. Ni mimi niliyemwambia Jeki amrudishe kwenye gari. Usifikiri nilifanya hivyo kwa huruma, Kaka, nisingependa unisifie kwa kitu nisicho nacho. Nilichoka. Nilichoka kwa safari zake zote zile, ambazo mimi sikuwahi hata kwenda.

Yuko nyumbani. Yuko chumbani kwako, kwenye kitanda chako cha dirishani, kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho kiti cha magurudumu kinapita mlangoni. Vitu vyako nimevifunga vizuri nimeviweka kwangu, hakuna kilichopotea. Ulisema mwezi ujao unakuja likizo. Nisingeweza kukuacha ufungue mlango ule bila kujua nani yuko nyuma yake.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe, na sidhani yeye ana nguvu ya kuomba. Siku ninapobaki naye namlisha uji bila kusema neno, kijiko baada ya kijiko, nikimaliza nafuta mdomo wake na kuondoka. Kuna asubuhi nakwenda kushona na hasira yangu nzima, naikanyaga cherehani mpaka sindano inakatika. Halafu narudi, yuko pale pale, na kazi ipo. Mazoezi anaendelea nayo. Hospitali sio mbali na nyumbani, lami tupu njia nzima, na matairi hayavumi tena. Wiki hii amesimama akishikilia fremu ya dirisha. Mama alifurahi kama mtu aliyeona mtoto anaanza kutembea. Mimi nilirudi jikoni.

Gari ni lako, na sijui unavyojisikia kujua nani amekuwa akikaa kiti cha mbele. Ukisema liegeshwe, nitaliegesha leo, na ufunguo nitauweka mahali ambapo Mama hataupata. Kuhusu gari nitakutii. Kuhusu yeye, hapana. Siwezi kumrudisha kule, hata ukinuna mwaka mzima. Ukija, ninachokuomba ni kwamba kelele zako unipigie mimi, uani, sio Mama, na sio mbele ya Baba. Mimi nimezoea kelele zako, na nakukumbuka, hata kelele zenyewe.

Kuna jambo moja dogo. Kila asubuhi Baba anauliza kama Msumari amekula. Mama humjibu kwamba amekula, naye hutulia. Jana Mama alikuwa anaoga, Baba akaniuliza mimi. Ningeweza kusema amekula, yakaisha. Lakini sikutaka kumdanganya, wala sikutaka kumfurahisha. Nikamwambia sijui, yuko mbali, nitamwandikia nimuulize. Aliitikia kwa kichwa, akasubiri, kama vile jibu lingefika palepale.

Kwa hiyo nakuuliza, Kaka. Unakula?

Wifi mwambie nimepokea vipimo vya madirisha yake, mapazia nitayashona nikipata nafasi. Watoto wabusu mashavuni, na yule mdogo umwambie shangazi yake anamdai picha ya meno mapya. Mama anakusalimia. Yuko mlangoni sasa hivi, ananiona naandika, na hajaniuliza naandika nini.

Ni mimi dada yako,
uliyemsomesha.